Ukuta wa Ami Seif

Kwa Salha, mwanangu,

Salamu utazipata kesho uwanja wa ndege, nyingi kuliko mikono yako itakavyoweza kuzibeba, kwa hiyo hapa nazifupisha. Tumeshaswali magharibi. Mamaako yuko chumbani kwako anapima begi. Analiweka juu ya mizani, analiteremsha, anaguna, analirudisha tena, utadhani begi litaona haya lipungue lenyewe. Mambo ya makoti, dawa ya kifua na pilipili ya unga iliyofichwa ndani ya soksi ni yake yeye, mimi simwingilii. Mimi nna jambo moja tu ambalo hulijui, nalo ni vipi ami yako Seif alikuja kusema uende.

Wewe uliambiwa "ami yako karidhika", ukasujudu hapo hapo sebuleni, ukainuka ukaanza kutafuta tiketi. Hukuuliza imekuwaje, nami sikusema kwa sababu aliniapisha nisikwambie. Lakini kaka yangu pamoja na akili zake zote alisema tu nisifungue mdomo. Kalamu hakuitaja.

Hebu nianzie siku ya semina. Najua ulikuwepo, tena ndiwe uliyekuwa juu ya jukwaa. Lakini wewe ulikuwa unatazama michoro yako, na mimi nlikuwa mlangoni natazama watu, kama ninavyofanya siku zote.

Kazi yangu unaijua. Mimi ni mtu wa kumbi pale skuli ya uhandisi: viti, vipaza sauti, kahawa, na kuhakikisha mgeni wa heshima hapewi kiti chenye mguu mbovu. Chuo sikukisoma, nimekisikia tu. Nimesikia semina za saruji, za mabomba ya mafuta, za kusafisha maji ya bahari, za madaraja ambayo hayajajengwa na mengine Mungu atuepushie yasijengwe. Kiingereza changu chote nimekiokota humo, ndiyo maana naweza kukueleza uchovu wa chuma bila kigugumizi, na dukani nikitaka soksi nanyosha kidole.

Nilichojifunza hasa ni kuusoma ukumbi. Anayeandika bila kuinua kichwa hajaelewa, anaiomba kalamu imwokoe. Anayeitikia kila neno kwa kichwa amekwisha lala kwa ndani. Halafu msemaji akimaliza na kuuliza kama kuna swali, ukumbi wetu hunyamaza kimya kama msikiti kabla ya khutba. Maswali wanayo, tena mengi. Lakini sisi mgeni hatumhoji mpaka ale tende, anywe kahawa, aulizwe safari ilikuwaje na watoto hawajambo. Nimeona maprofesa wengi wakishuka jukwaani nyuso zimewaanguka, wanadhani vijana wa Muscat hawana la kuuliza. Kumbe dakika chache baadaye wamezungukwa kwenye meza ya kahawa, wanaulizwa maswali ya kutoa jasho, na mkono mmoja una tende na mwingine una kikombe.

Basi yule profesa mgeni, yule mama mrefu wa nywele za kijivu, alikuja kutusikiliza siku hiyo akiwa na nafasi moja kwenye maabara yake. Moja tu, kwa wanafunzi wote waliokuwa wanasoma kazi zao mbele yake. Wewe uliitaka nafasi ile mpaka ukawa huli vizuri. Na ami yako alikuwa keshasema hapana.

"Msichana peke yake, nchi ya barafu, hana baba hana kaka? Hapana."

Usiku aliposema hivyo uliniuliza huku umekasirika, "Baba, mimi mtoto wako au mtoto wa ami?" Nami nikakujibu, "Nenda kamsaidie mamaako." Lile halikuwa jibu, na nimeona aibu nalo tangu siku ile. Jibu lenyewe hili hapa. Babu yako alipofariki nlikuwa ndio kwanza naanza skuli. Tulikuwa hatujamaliza hata kuzoea nchi, tumetoka Unguja na Kiarabu cha kuchekesha watu sokoni. Seif akaacha masomo akenda kubeba mizigo bandarini Mutrah ili mimi nisiache. Mimi baadaye nikaacha vile vile, kwa sababu ya mpira na ujinga. Hajanikumbusha hata siku moja. Angenikumbusha ningekwisha gombana naye zamani na ningekuwa huru. Kwa vile hakunikumbusha, sikuweza kukupandisha ndege bila ya neno lake, na sikuweza kukueleza kwa nini. Ndiyo hivyo.

Nikajiona mjanja. Nikasema, huyu mtu akimwona Salha amesimama mbele ya wageni, anaheshimiwa, anapigiwa makofi, moyo utalainika. Nikaandika kwenye kundi la simu la ukoo: Salha anasoma kazi yake chuoni Jumatano, anayeweza aje.

Lile "anayeweza aje" ndilo lililoniponza. Sisi watu wetu hawana mwaliko mdogo. Walitoka Khuwair, wakatoka Mabela, wakatoka kila pahala, magari yamejipanga kama wanakwenda kumtoa bibi arusi. Wanaume na vilemba vya sikukuu. Wanawake wamejifukiza mpaka harufu ikawatangulia kwenye ngazi. Shangazi yako Zuwena alikuja na sinia la vitumbua na chetezo cha udi, makaa yanawaka, akataka kuingia nacho kwenye ukumbi ambao kila pembe ina king'ora cha moto.

Mlinzi akamzuia. "Bibi, moto hauruhusiwi humu."

"Moto uko wapi? Huu udi."

"Chini ya udi kuna nini, bibi?"

"Chini ya udi kuna adabu, ambayo wewe huna."

Ilibidi nikichukue mimi nikakiweke nje, karibu na pikipiki za wapeleka vyakula, ambazo nasikia zilinukia vizuri wiki nzima. Na wewe ukanivuta pembeni, macho yamekutoka.

"Baba, hii semina. Hii si harusi!"

"Najua, mwanangu."

"Wao wanajua?"

Nikaenda kuongeza viti. Mkuu wa skuli alikuwa anatazama safu za nyuma zilivyojaa mabuibui na watoto, na uso wake ulikuwa unauliza nani ataandikiwa barua ya onyo. Ami yako akakaa mbele kabisa, bakora katikati ya magoti, pembeni ya profesa, kana kwamba kile kiti kilitengenezwa kwa ajili yake.

Ulisoma vizuri. Hilo uliambiwa na wengi. Ulionyesha jinsi maji ya mvua yanavyoshuka Mabela, mtaani kwa ami yako na shangazi yako, zamani yakienda yanakotaka, sasa yanakuta nyumba mpya na kuta mpya, yanageuka kutafuta mlango wa mtu. Mishale yako ya buluu ilikuwa mizuri. Profesa aliandika kidogo na kutazama sana, nikajua anaelewa.

"Kuna swali?"

Kimya. Kile kimya chetu. Nikaanza kuhesabu vikombe kichwani.

Shangazi yako akanyoosha mkono. Yeye ile adabu ya mgeni haikumhusu, maana wewe kwake si mgeni, amekuogesha. Akasimama, akasema kwa sauti ya kusikika Seeb nzima, "Weye Salha. Michoro yako mizuri, mashaallah, rangi zimependeza. Sasa niambie mimi. Mvua ikija, maji yataingia kwangu tena, au hayaingii?"

"Yataingia, shangazi."

"Si useme inshaallah hayaingii!"

"Inshaallah, shangazi. Lakini yataingia."

Wanaojua Kiswahili wakacheka. Shangazi hakucheka. "Kwa nini?"

Hapo ukaugeukia mchoro wako, na mimi mlangoni nikashika kitasa, kwa sababu nlijua unalijua jibu na nlijua jibu limekaa safu ya mbele limeshika bakora. Ukuta aliouzungushia ami yako kiwanja chake mwaka juzi, ule mrefu anaojivunia, umekata njia ya maji na kuyarudisha kwa Zuwena. Nikawa nakuombea kimya kimya. Mwanangu, sema ni mabadiliko ya hewa. Sema ni manispaa. Sema utafiti bado unaendelea, wasomi wote husema hivyo. Nakwambia sasa ili ujue baba yako alikuwa anakuombea nini: nlikuombea useme uongo mzuri, ukapate ruhusa yako.

Ukamtazama ami yako. Ukasema, "Kwa sababu ya ukuta wa Ami Seif."

"Ukuta wangu?"

"Ndiyo, ami."

"Ukuta wangu una kibali!"

"Unacho, ami. Lakini maji hayakukiona."

"Nlisema mimi!" Shangazi hakukaa. "Seif, si nlikwambia, tangu unamwaga zege?"

"Nyamaza, Zuwena. Wewe ulisema unakuzibia upepo. Maji hukuyataja."

"Upepo na maji vyote vya Mungu, na vyote umevizuia!"

Profesa akauliza kinachosemwa, na wewe ukamfasiria kila kitu, mpaka upepo. Akauliza, sasa dawa yake nini? Nawe ukaacha Kiingereza ukamgeukia ami yako, ukamwambia kwa upole kana kwamba mko wawili tu, "Matundu, ami. Chini kabisa kwenye msingi, upande unaoteremkia, na mfereji mdogo mpaka barabarani. Ukuta wenyewe unabaki."

"Nitoboe ukuta wangu nipitishe mwizi?"

"Mwizi hapiti, ami. Labda paka."

Ukumbi ukaangua kicheko. Profesa akamwinamia ami yako, akauliza kupitia kwako kama atatoboa. Ami yako akainuka na heshima zake zote. "Inshaallah."

Yule mama alikuwa amekaa Muscat wiki moja tu, lakini alikuwa ametumia teksi, na inshaallah za madereva wetu keshazionja. Akauliza, "Inshaallah ya ndiyo, au inshaallah ya hapana?"

Walicheka mpaka wanaoshughulika na taa. Ami yako akatazama nyuma, akauona ukoo mzima unamtazama, akasema, "Nitatoboa." Akaketi. Na semina ilipokwisha akaondoka kabla ya halua, jambo ambalo halijapata kutokea tangu tuhamie nchi hii.

Lakini kabla semina haijaisha niliona kitu ambacho wewe hukukiona, ulikuwa unakunywa maji. Mikono ilianza kuinuka. Wenzako, wale wanaongoja kahawa miaka yote, wakaanza kuuliza humo humo ndani, mmoja baada ya mwingine, kwa Kiarabu, kwa Kiingereza, kwamba na mtaa wetu je, na daraja letu je. Mkuu wa skuli ilibidi asimamishe maswali. Nimefanya kazi ile tangu hujazaliwa, na sijapata kuona maswali yakisimamishwa. Nlisimama pale mlangoni nikajiona kama nimeijenga skuli ile kwa mikono yangu.

Nje kwenye kahawa, profesa alikuwa hajui kwamba ukitosheka unatikisa kikombe. Mmiminaji anamjazia, yeye anakunywa kwa adabu, anajaziwa tena, macho yamemtoka. Nikaenda nikamwonyesha namna ya kutikisa. Akanishukuru kama niliyemtoa kisimani. Kisha akaniuliza, hajui mimi ni nani, "Wale wote ni watu wake yule binti?"

"Wote."

"Na yule mzee wa ukuta?"

"Ami yake. Ndiye anayemkataza asije kwako."

Akaacha kutafuna. "Na binti alilijua hilo pale alipomjibu?"

"Alilijua."

Akatazama chini kidogo, akasema nafasi ni yako, na akaniomba nisimwambie mtu mpaka itangazwe. Mimi, ambaye mamaako hanitumi hata kununua zawadi kwa kuogopa nitaisema njiani! Ndiyo tuliporudi ukumbini ukanikuta nabeba viti ambavyo havikuwa na haja ya kubebwa, ukaniuliza, "Baba, mbona unatoa viti na watu wamekaa?" Nlikuwa nauzuia mdomo. Halafu jina lako likatajwa, shangazi akapiga vigelegele, wenziwe wakapokea, na mkuu wa skuli, yule yule, nikamwona anapiga makofi kuliko wote.

Kisha zikaja wiki za ami yako kunyamaza. Hizo unazijua. Ulikwenda kwake ukamwomba radhi kwa kumsema mbele za watu. Nlikuwa nje nafunga viatu, nikasikia. Hukuomba radhi kwa ulilolisema, uliomba kwa mahala ulipolisemea, ukaishia hapo. Mimi kwa umri wangu huu nikianza kuomba radhi naomba kwa kila kitu, mpaka kwa mvua. Akakwambia "haya", akakuuliza hali ya gari, akakumiminia kahawa. Habari ya safari hakuigusa. Lakini alimwita fundi akatoboa, amemsimamia juu ya kichwa, anaguna kila nyundo ikigonga, na kila tundu akaliwekea wavu kwa ajili ya paka.

Sasa lile usilolijua. Siku ya mvua ile kubwa ulikuwa Qurum, unaagana na wenzako kwenye mkahawa wa ufukweni, wakati huo unawaaga bila kujua kama unakwenda. Mvua ikashika baada ya adhuhuri. Simu ikalia. Ami yako. "Njoo Mabela." Akakata.

Nikaenda mwendo wa kobe, maji yamefika nusu ya magurudumu. Nikamkuta amesimama katikati ya barabara, kanzu ameikunja mpaka magotini, mwavuli umegeuka ndani nje, haujali. Shangazi yako yuko kizingitini kwake, magodoro yote kayapandisha juu ya kabati, fagio mkononi, anaingoja vita. Maji yakaja kutoka juu ya mtaa, mekundu ya udongo, yamebeba chupa, kandambili na mlango wa banda la kuku la mtu. Yakaufikia ukuta. Yakajikusanya, yakazunguka, na mimi nasema Salha, Salha, Salha. Kisha yakayaona matundu. Salha, yalipita! Yaliingia upande huu yakatokea upande ule kwa sauti ya mtu anayesukutua, yakashika mfereji, yakaenda zake barabarani kama ulivyoyachora. Mshale wako wa buluu, mwanangu, niliuona kwa macho yangu, ila wa kweli ulikuwa mwekundu.

Shangazi akangoja. Hata tone. Nafikiri alisikitika kidogo. "Haya, yamepita," akasema. "Sasa magodoro yangu nani atanishushia?"

Ami yako aliinama, akachokoa kwa bakora mfuko wa plastiki ulioziba tundu moja, akasimama akatazama maji yanavyopita. Kisha akasema bila ya kunigeukia:

"Alijua mimi ndiye wa kumnyima?"

"Alijua."

"Wewe ungesema?"

"Hapana."

"Mimi pia nisingesema." Akafuta uso, mvua au si mvua, sijui. "Nlikuwa naogopa wale wa huko watampinda, mtoto wa watu, peke yake, atakubali kila analoambiwa. Sasa aliyeniambia mimi, mbele ya ukoo mzima, mbele ya Zuwena, atashindwa kumwambia nani? Aende. Mwambie aende. Na niapie mengine hutafungua mdomo, hata kwamba nimelowa."

Basi ndiyo hiyo. Si bahati, si mamaako aliyemwomba, si mimi niliyemlainisha. Ulijipatia ruhusa mwenyewe, kwa lile lile neno ambalo sote tulidhani limekuharibia.

Huko uendako nasikia semina zao ni mbio. Hawatakuuliza safari, hawatakuuliza hali ya mamaako, mtu atakurukia na swali ungali hujameza mate. Usidhani wamekutukana. Waulize na wewe hivyo hivyo. Na kwenye tafrija zao usikae pembeni na simu kama wanavyokaa wanafunzi wetu wa mwaka wa kwanza. Nenda kwa mtu anayeonekana hajui afanye nini na kikombe chake, msaidie. Mengine utayasoma ukumbini mwenyewe, unalo jicho, na nashuku nimekurithisha mimi ingawa mamaako anabisha.

Kesho ami yako anakuja na kilemba kipya. Nikutahadharishe: tangu siku ile kawa mhandisi. Anazunguka Mabela anawafundisha majirani matundu, na asiyejua angedhani ni fikra yake tangu alipozaliwa. Mwache. Wiki iliyopita alisimama kwenye maegesho ya uwanja wa ndege akalitazama paa, akasema mteremko wake una kasoro, na kesho atataka kauli yako mbele ya watu wote. Tazama vizuri kabla hujamjibu. Kama kakosea, mwambie.

Babaako